Maandishi madogo? Usishushe resolusheni

SWALI: Hamjambo wahariri. Kompyuta yangu mpakato ina kioo cha inchi 15.6. Herufi za programu ya hesabu zilikuwa kama sisimizi, nikashusha resolusheni, yaani idadi ya nukta za picha, kutoka 1920 × 1080 hadi 1280 × 720. Zimekua, lakini sasa zina ukungu. Je, kioo kimeharibika?

JIBU: Kioo ni kizima. Kina pikseli (nukta ndogo za mwanga) 1920 kwa upana na 1080 kwa kimo, na idadi hiyo haibadiliki. Ukichagua 1280, kila pikseli ya picha inabidi ijaze pikseli moja na nusu za kioo. Nusu haiwashwi, kwa hiyo rangi za majirani huchanganywa. Itazame herufi “m” kwa karibu: miguu yake iliyokuwa myeusi ti sasa ina kijivu pembeni. Huo ndio ukungu wako.

Rudisha 1920 × 1080, kisha ukuze vilivyomo. Kwenye Windows 10 au 11, bofya kulia mahali patupu kwenye eneokazi na uchague “Display settings”. Kwenye “Display resolution” chagua ile yenye neno “Recommended”, halafu panda juu kidogo hadi “Scale” na uweke 125%. Ikiwa bado unakodoa macho, weka 150%. Toka kwenye akaunti yako na uingie upya, maana zipo programu zinazosoma kipimo hiki mara moja tu, mwanzoni.

Ukitaka kukuza maandishi peke yake, Windows 11 ina “Text size” ndani ya “Accessibility”, inayofika 225%. Si kila programu huitii, ndiyo maana tunaanza na “Scale”.

SWALI: Nimeweka 150% na kila kitu kinasomeka vizuri, ila programu moja ya zamani ina ukungu. Nifanyeje?

JIBU: Programu hiyo haijui habari za ukuzaji. Inajichora kwa 100%, kisha Windows inaivuta kama picha. Ifunge, bofya kulia ikoni yake, fungua “Properties”, kisha “Compatibility”, kisha “Change high DPI settings”. Weka tiki kwenye kisanduku cha chini kinachoanza na “Override” na uchague la tatu katika orodha, “System (Enhanced)”. Usikimbilie la kwanza, “Application”: herufi zitakuwa kali, lakini zitarudi kuwa ndogo. Madirisha yakivurugika, ondoa tiki na uvumilie ukungu. Baadhi ya programu kongwe hazina dawa nyingine.

SWALI: Kioo changu ni 1366 × 768. Nilipoweka 150%, kitufe cha OK kikapotelea chini ya skrini!

JIBU: 150% ni mara 1.5, kwa hiyo gawa 768 kwa 1.5 upate 512: hicho ndicho kimo kinachobaki kwa madirisha. Dirisha lililoundwa kwa kimo cha 600 halina pa kuingia hapo. Hata kwa 125% unabaki na 614, na upau wa chini unamega sehemu yake. Kwa kioo hiki baki kwenye 100%, ukuze maandishi peke yake, na kwenye kivinjari tumia Ctrl na alama ya kujumlisha. Ukiwa umenasa sasa hivi, bonyeza Alt na Space kwa pamoja, kisha M, halafu mshale wa juu mpaka kitufe kijitokeze. Mara nyingi Enter peke yake hufanya kazi ya OK.