Ukitaka kuchi wa asili, anza na tetea

Karibu kila anayeniuliza kuhusu kuchi, wale kuku wetu wa kienyeji warefu na wazito, anaanza na jogoo. Ana kilo ngapi, ana urefu gani, unamuuza shilingi ngapi. Naelewa, maana jogoo wa kuchi akisimama uwanjani shingo imenyooka, kifua wazi, miguu minene, macho makali, hata asiyependa kuku atageuka kumwangalia. Ila mimi nafuga kuchi huku Kisesa, Mwanza, miaka sasa na ushauri wangu haujabadilika, hela yako ya kwanza peleka kwa tetea. Jogoo utampata tu. Tetea wa kuchi mwenye ukoo unaojulikana ndo adimu, na ukimkosa huyo utafuga machotara wenye jina la kuchi.

Kanda ya Ziwa ndio kwao kuchi, lakini zunguka leo Igoma, Buhongwa, Usagara, Magu, uone wangapi ni kuchi kweli. Wengi wamechanganywa. Nisieleweke vibaya, kuku wa kisasa kama Kuroiler waliotoka India na Sasso waliotoka Ufaransa wamesaidia familia nyingi, anayetaka nyama ya haraka awafuge kwa raha zake. Shida ni kuwachanganya na kuchi halafu kuendelea kuzalisha hapo hapo. Ukimpandisha jogoo wa kuchi kwa tetea wa Sasso vifaranga wa kwanza wanakuwa wazuri mno, wakubwa, wanakua chapu, majirani wanawagombania. Hao hao ukiwazalisha wao kwa wao ndio unaona mambo, mmoja mrefu mwingine mfupi, huyu upanga, ile nyama nyekundu ya kichwani, mkubwa umelala jichoni, yule miguu myembamba, kuna matetea hawajui kabisa kuatamia, na wakati unashangaa hivyo yule kuchi wako wa mwanzo alishachinjwa sikukuu.

Sasa tetea wa kuchi unamjuaje? Usiangalie rangi, kuchi wapo wekundu, weusi, weupe, wa madoa, kila rangi. Angalia kichwa kwanza: upanga mdogo uliobana kichwani, ndevu, zile nyama za chini ya mdomo, ndogo au hazipo kabisa, mdomo mfupi mnene uliopinda kidogo. Shingo ndefu, anasimama wima kuliko kuku wengine wa kienyeji, manyoya machache yaliyobana mwilini mpaka ngozi ya kifua inaonekana. Mkamate umpime mkononi, kuchi ni mzito kuliko anavyoonekana. Afu omba kuonyeshwa mama yake na ndugu zake. Muuzaji akianza kuzunguka zunguka kwenye hilo, ondoka, hata kama kuku mwenyewe amekupendeza.

Wazee wanalijua hili kuliko sisi. Kuna bibi mmoja upande wa Misungwi nilienda kwake kutafuta mbegu, nikamwamkia, tukaongea vizuri, akanitolea majogoo wawili wazuri sana nichague. Nikamwambia bibi mi nataka tetea. Akasema, "Mjukuu wangu, jogoo chukua hata bure, tetea nikikupa nitabaki na nini?" Ilibidi nirudi tena na tena, nimsaidie hiki na kile, mpaka siku aliponipa tembe mmoja ambaye hajaanza kutaga. Ukoo wa banda langu zima unaanzia kwa yule tembe.

Na wataalamu walipopima vinasaba vya kuchi waliufuata huo huo upande wa mama, wakakuta ukoo wake uko karibu na kuku wa mapambano wa Asia ya mashariki, akiwemo Shamo wa Japani. Yaani mama kwa mama mpaka huko. Mtu akiuza matetea wote akabaki na jogoo mzuri wa kupiga naye picha, huo mstari kwake umekatika, na hakuna dawa ya duka la mifugo ya kuurudisha.

Kitu ambacho wengi hawaambiwi ni kwamba tetea anatunza mbegu za jogoo mwilini, anaweza kutaga mayai yenye mbegu zaidi ya wiki mbili baada ya kutenganishwa na huyo jogoo. Kwa hiyo ukimnunua tetea leo ukamweka na jogoo wako leo, usikusanye mayai ya kutotolesha mpaka wiki tatu zipite. Jogoo wa jirani akiruka ukuta, hesabu ni hiyo hiyo, wiki tatu mayai yote ni ya chai ya asubuhi na watoto. Inauma, najua, kuchi hatagi mengi, lakini fanya hivyo.

Halafu undugu. Usimwache jogoo mmoja apande mama, binti na mjukuu, maana baada ya vizazi vichache utaona mayai yanakataa kutotoa, vifaranga dhaifu, vidole vimepinda. Mimi natumia mabanda matatu. Matetea hawahami, binti anabaki banda la mama yake. Wanaohama ni majogoo tu, wa banda la kwanza anaenda la pili, wa la pili anaenda la tatu, wa la tatu anarudi la kwanza. Jogoo mmoja kwa matetea nane hivi inatosha, kuchi ni mzito ukimzidishia hawafikii wote. Kifaranga akitoka tu namfunga uzi mguuni, kila banda na rangi yake, nyuzi za kushonea nyavu zipo za kila rangi mwaloni na hazikatiki. Ila uzi ufungue na kuulegeza kila wiki, mguu unakua haraka, ukisahau unazama kwenye nyama. Na andika kwenye daftari! Kichwa kinasahau.

Kuatamia: tetea wa kuchi anapenda kuatamia ila uzito wake unavunja mayai, hasa kiota kikiwa kigumu. Mimi mayai ya kuchi nampa tetea mdogo wa kienyeji, mwepesi, mtulivu, mayai nane mpaka kumi maana ya kuchi ni makubwa, na siku 21 zikifika anatoa vizuri kuliko mashine nyingi za kienyeji ninazoziona mtaani ambazo umeme ukikatika ndio basi tena. Mayai usiyaweke zaidi ya wiki moja kabla ya kuatamiwa, yakae sehemu yenye ubaridi, ncha nyembamba chini. Siku ya saba usiku mulika kwa tochi, yasiyo na mishipa toa.

Vifaranga wa kuchi wanachelewa kuota manyoya, ndio maana wengi wanakufa usiku wa mvua, upepo wa ziwani ukiingia bandani kifaranga mwenye mgongo mtupu hana ujanja. Wasitiri upande wa upepo, maranda makavu, na chanzo cha joto wakae nacho muda mrefu zaidi ya unavyofanya kwa kuku wengine. Usiwaondolee joto kwa kuangalia kalenda, angalia migongo yao.

Chakula cha wazazi ndio sehemu naona watu wa kwetu wanaumia bila kujua. Sisi ni watu wa pamba, mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu zikishakamuliwa mafuta, yapo na bei yake nzuri, basi mtu anajaza kwenye pumba. Mashudu ya pamba yana sumu inaitwa gosipoli, inaharibu rangi ya kiini cha yai na kushusha utotoaji. Kwa matetea wa kutotolesha weka mashudu ya alizeti. Dagaa tunao, tumshukuru Mungu, lakini nunua waliokaushwa kwenye vichanja, wale wa chini unalipia mchanga. Na usizidishe sehemu moja kwenye kumi ya mchanganyiko, nyama na mayai vitanuka samaki. Uduvi pia mzuri sana kwa vifaranga.

Chanjo sitasema mengi. Kideri, yaani ugonjwa wa Newcastle, hakina dawa, kikiingia kinasafisha banda. Ile chanjo ya matone ya I-2, inayovumilia joto kuliko nyingine, tone moja jichoni, kila baada ya miezi mitatu, kuku wote wakubwa kwa wadogo. Usingoje kusikia kuku wa jirani wanakufa, maana kinga inachukua wiki moja mpaka mbili kujengeka. Chanjo za magonjwa ya Gumboro na ndui muulize bwana mifugo wako akupangie. Chanjo za kwenye maji usitumie maji ya bomba yenye klorini.

Huku kwenye mawe kuna nguchiro, karibu na ziwa kuna kenge anakula mayai kiota kizima. Nyavu chakavu juu na ubavuni, chini kandika mawe.

Vijogoo wanaanza kupigana wakiwa wadogo, kuanzia miezi mitatu hivi, na kuchi haachi mpaka mmoja alale. Watenganishe mapema. Kuna watu watakuja na hela nzuri wanataka wa kupiganisha, mimi siwauzii. Kuku nimemlea toka yai, sitampeleka akatobolewe macho watu washangilie.

Kwa anayeanza na hela kidogo, nunua matetea wawili wasio ndugu, jogoo azima. Huku kwetu kuazimana jogoo ni kawaida, mnakubaliana mapema: anakaa kwako miezi miwili mitatu, anarudi mzima na chanjo yake, na mwenye jogoo anachagua kifaranga mmoja kwenye kila mtotoo wakifikisha miezi miwili. Mi nikiazimisha jogoo nachagua wa kike.