Sauti Ikikwaruza, Usikimbilie Kulaumu Spika

Amplifaya yangu ni ya wati 30, spika ni za wati 100 kila moja. Nikiongeza sauti muziki unakwaruza, na twita moja (spika ndogo ya sauti za juu) imeshaungua. Kidogo kimeunguzaje kikubwa? (Msomaji, Umoja)

Wati 100 zilizoandikwa nyuma ya spika ni mzigo inaoweza kustahimili. Nguvu yenyewe hutoka kwa amplifaya, na yako ikifika ukomo haiwezi tena kupandisha wimbi la sauti. Kilele cha wimbi hukatwa kikawa bapa, na mkato huo ndio mkwaruzo unaousikia. Wimbi lililokatwa hubeba nguvu nyingi kuliko wimbi safi la kimo kilekile, tena huzaa sauti kali za juu ambazo hazikuwamo kwenye wimbo. Sauti hizo huishia kwa twita, ambayo koili yake ni ya waya mwembamba sana. Zile wati 100 ni za kasha zima, na mzigo mkubwa huubeba wufa, spika kubwa ya besi. Twita peke yake huvumilia sehemu ndogo tu.

Basi usinunue spika kubwa zaidi, maana utaziunguza nazo. Tafuta amplifaya ambayo wati zake za RMS, yaani nguvu inayotolewa kwa mfululizo, zinakaribia za spika au kuzizidi kidogo, kisha uitumie kwa kiasi. Kwa sasa, punguza sauti mara mkwaruzo unapoanza, na urudishe kitufe cha besi katikati. Kupandisha besi kwa desibeli 10 (desibeli ni kipimo cha ukali wa sauti) kunadai nguvu mara 10, na amplifaya ya wati 30 itazitoa wapi?

Nimeona redio Luthuli Avenue, Nairobi, boksi limeandikwa wati 5,000 PMPO. Ni kweli? (Baba wa watoto wawili, Kayole)

PMPO ni namba ya matangazo, inayodai kilele cha kitambo kifupi mno; isikuvutie hata kidogo. Geuza redio uangalie kibandiko cha umeme: kikisema inatumia wati 60, haiwezi kuzipa spika zaidi ya hizo kwa mfululizo, na kiasi fulani hupotea kama joto. Muulize muuzaji RMS. Akikosa jibu, nenda duka linalofuata.

Naishi chumba kimoja Pipeline. Nahitaji wati ngapi?

Chache kuliko unavyodhani. Angalia kiwango cha desibeli cha spika: ya desibeli 87 hutoa sauti hiyo kwa wati 1 tu, ukiisikiliza umbali wa mita 1. Kila ukiongeza nguvu mara mbili unapata desibeli 3, kwa hiyo wati 16 zinakufikisha 99, na hapo jirani ameshagonga ukuta. Ukipata spika ya desibeli 90, nusu ya nguvu inatosha. Mimi ningeweka pesa kwenye spika nzuri kabla ya kufukuzia wati.

Naweza kuunga spika nne za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) kwenye amplifaya ya njia mbili? (Mama Donholm)

Ukiunga mbili sambamba kila upande, yaani chanya kwa chanya na hasi kwa hasi, amplifaya inaona omu 4. Soma maandishi karibu na matundu ya nyaya. Ikiwa inaruhusu omu 4, endelea. Ikiwa imeandikwa omu 8 hadi 16, usithubutu, kwa kuwa itasukuma mkondo mkubwa, ipate joto na pengine iungue. Ziunge kwa mfuatano, umeme upite moja kisha nyingine, na kila upande utakuwa na omu 16. Sauti itapungua kidogo, lakini amplifaya itabaki salama.