Pigo Moja Linaniangusha Kila Jioni

SWALI: Mhariri, mimi na rafiki zangu hucheza Tekken 8, mchezo wa video wa mapigano, kila jioni, nami huangushwa daima na pigo lile lile la chini. Nifanyeje?

JIBU: Ndugu msomaji, usikimbilie kukariri mapigo mapya; ingia sehemu ya mazoezi, umrekodi mpinzani wa kompyuta akirudia pigo hilo, kisha ujizoeze kulizuia ukiwa umechuchumaa na kumjibu papo hapo, kwa kuwa mchezo huu huenda kwa picha 60 kwa sekunde na aliyezuiwa hubaki wazi kwa muda mfupi mno. Tekken 8 hukuruhusu pia kushika usukani katikati ya marudio ya pambano lililorekodiwa, nafasi ambayo wengi, kwa uvivu tu, huipuuza. Tena waombe wenzako wakuoneshe hila zao. Arslan Ash wa Pakistan, bingwa wa Tekken katika EVO, mashindano makubwa ya michezo ya video ya mapigano, mwaka 2019, alikomaa akicheza na wenzake wa Lahore.