Kampala kwa Miguu: Mlipe Mtu Akutembeze

Wiki jana msomaji mmoja wa Nakuru aliona picha zangu za Kampala akaniandikia: "Dada, kweli unamlipa mtu akutembeze mjini na simu yako ina ramani? Hizo si pesa za kutupa?" Nilicheka, halafu nikakasirika kidogo, maana maneno hayo hayo niliyasema mimi mwaka 2019, tena kwa kiburi.

Mwaka huo nilitoka Kisumu na begi moja mgongoni, nikijiona mjanja. Pale mpakani Busia mbadilishaji pesa alinihesabia noti mbele ya macho yangu, akazikunja, akanikabidhi. Kufika Jinja nikazihesabu tena: elfu ishirini ya Uganda imeyeyuka. Kampala nikauliza njia ya kwenda mtaa wa Wandegeya, naambiwa, "Panda taksi." Taksi? Nikajua hawa wameona mgeni wa kukamuliwa. Nikatembea juani na begi langu karibu saa nzima, huku vigari vyeupe vyenye mkanda wa bluu vikinipita vikiita abiria. Kumbe kule taksi ndiyo matatu yetu! Hilo linaniuma kuliko zile elfu ishirini. Jumapili nilirudi Kisumu nimeona vumbi na maduka, nikawatangazia watu kwamba Kampala haina kitu.

Mwezi uliopita nilirudi. Safari hii nyumba ya wageni niliyofikia ilinitafutia mwongozaji, kijana mpole ambaye viatu vyake vimelika visigino upande mmoja. Hiyo ni dalili nzuri. Mwongozaji mwenye viatu vipya mimi ningemtilia shaka. Tulipatana bei kabla hatujapiga hatua. Shika hilo: bei kwanza.

Asubuhi tulikula rolex kando ya barabara, ile chapati iliyokunjwa na mayai, kisha tukapanda kilima cha Old Kampala, alipojenga ngome yule Mwingereza Lugard mwaka 1890. Sasa juu yake uko msikiti mkubwa ulioanzishwa enzi za Idi Amin na kumaliziwa kwa pesa za Libya. Nikaazimwa sketi ndefu na mtandio, tukaanza kupanda mnara. Ngazi zaidi ya 300! Mapaja yakatetemeka, na kijana nyuma yangu anarudia tu kwa Kiganda, "Mpola mpola, nnyabo," yaani polepole, mama. Juu akaninyooshea kidole: Rubaga ya Wakatoliki, Namirembe ya Waanglikana, Kibuli nako msikiti mwingine, kila dini na kilima chake. Chini yetu zile taksi zimejazana stendi kama mchele uliomwagika. Nikazitazama kwa aibu.

Tulipofika kwenye Sanamu ya Uhuru nilikuwa nimechoka, sitaki historia tena. Ni mama aliyefungwa mwili mzima kwa kanda, amemwinua mtoto juu kwa mikono miwili. Kijana akaniuliza, "Nnyabo, Kenya kwenu ni wapi?" Nikamjibu Mumias. Akacheka. "Basi aliyechonga hii ni wa kwenu."

Gregory Maloba, mzaliwa wa Mumias, akasoma na kufundisha Makerere, na sanamu ile ni yake, ya mwaka 1962. Mimi shule ya msingi nimeisomea Mumias. Tulifundishwa Nabongo Mumia, mfalme wetu wa zamani, na miwa, basi. Na mwaka 2019 nilipita hapo hapo nikihangaika na mtandao, sikuinua hata kichwa.

Kwa hiyo ndugu yangu wa Nakuru, hiyo ramani yako itakuambia kata kulia, lakini haitakuuliza kwenu ni wapi. Tunajinyima mwaka mzima ili tusafiri, halafu tunafika na kumbania mtu mmoja anayeujua mji! Acha ubahili. Vaa viatu ulivyokwisha kuvizoea. Pesa badilisha dirishani, si kwa mtu aliyesimama na bulungutu, na zihesabu wewe wa mwisho. Kitambulisho chako cha Kenya kinatosha kuvuka. Na bei, narudia, patana kwanza.

Nilimpigia mama simu nikiwa bado chini ya sanamu. Akanyamaza, halafu akauliza kama ni Maloba wa upande gani. Mwezi wa nane naenda naye. Anachotaka kujua sasa ni kama kwenye zile ngazi za mnara kuna mahali pa kukaa.