Taa za Ziada za Trekta: Anza na Waya

Mkulima anayetaka kulima usiku kwa kawaida huanza kwa kuchagua taa, lakini katika matrekta niliyoyafungia taa nimeona kwamba mwanga hafifu na swichi zinazoungua mara nyingi husababishwa na waya.

Piga hesabu kwanza. Taa nne za halojeni za wati 55 kila moja hula zaidi ya ampea 18 kwenye mfumo wa volti 12, ilhali taa nne za LED za wati 27 hula ampea 9 tu, nafuu kubwa kwa trekta la zamani ambalo altaneta yake (kifaa cha kuzalisha umeme na kuchaji betri) ni ndogo. Ampea 18 zikipita katika mita 5 za waya wa shaba wa milimita 1 ya mraba, zaidi ya volti 1.5 hupotea njiani. Kwa waya wa milimita 2.5 za mraba hupotea takriban volti 0.6. Halojeni ikikosa asilimia 10 ya volti zake hupoteza karibu asilimia 30 ya mwanga.

Mzigo huo usipitishwe kwenye swichi. Tumia rilei, yaani swichi ya sumaku inayowashwa na umeme mdogo ili kupitisha umeme mkubwa: pini yenye namba 30 ipokee umeme wa betri kupitia fyuzi, 87 iende kwenye taa, 86 itoke kwenye swichi, na 85 iende arthi, yaani njia ya umeme kurudi upande hasi wa betri. Fyuzi ikae karibu kabisa na betri, kwa kuwa kipande cha waya kinachoitangulia hakina ulinzi wowote. Kwa hizo LED nne, fyuzi ya ampea 15 yatosha. Ikiungua, tafuta sababu, usiweke kubwa zaidi.

Arthi ndiyo hunichosha kuliko yote. Kabini nyingi hukaa juu ya vipande vya mpira visivyopitisha umeme, tena zimepakwa rangi, kwa hiyo bolti ya paa si arthi ya kuaminika. Mimi huvuta waya wa arthi hadi kwenye betri, na kila tundu la bati hulivisha mpira ili mtikisiko usichubue waya.

Elekeza taa za mbele ili mwanga usipige boneti na kumrudia dereva machoni. Za nyuma zipewe swichi yake, zizimwe trekta linapoingia barabarani, kwani taa nyeupe za nyuma huwapofusha wanaofuata.