Jifunze Baiskeli Mahali Palipopita Treni

Dada mmoja anayeishi Leicester, Uingereza, ameniandikia akiuliza kama mtu wa miaka 46, ambaye hajawahi kukalia baiskeli tangu azaliwe, bado anaweza kujifunza, na kama anaweza, aanzie wapi bila kuchekwa. Nilimjibu faragha. Hata hivyo, kwa kuwa najua wengi wenu mnayo hamu hiyo hiyo na mmeificha kama nilivyoificha mimi, nimeona jibu niliweke hadharani: aanzie kwenye njia iliyokuwa reli zamani, na akishaweza kwenda bila kuyumba, aende akavuke Bennerley, daraja la zamani la reli.

Mimi nimekulia Tanga, katika nyumba iliyokuwa na baiskeli moja aina ya Phoenix, ambayo kaka zangu walijifunzia kwa kupenyeza mguu chini ya mtaimbo kwa sababu hawakulifikia tandiko. Sisi wasichana tuliambiwa kwamba jambo hilo halitufai, na hakuna aliyejisumbua kutueleza kwa nini. Nilipofika Uingereza na kupata mafunzo ya bure ya watu wazima katika uwanja wa kuegesha magari, binamu yangu mmoja alinirekodi nikiwa natweta huku mwalimu amenishikia tandiko, kisha akaituma video hiyo kwenye kundi la familia. Zilifuata siku kadhaa za vicheko kutoka Dar es Salaam hadi Muscat, na mtu mmoja ambaye ningemtarajia anitetee aliandika kwamba mama mzima ana haja gani na mambo ya kitoto. Nimesamehe, lakini ujumbe huo sijaufuta.

Majuma ya mwanzo sitayasimulia, kwa sababu kuanguka hakuna hadithi. Kilichonibadilisha ni kuhama kutoka bustani za mjini, ambako kila kona ina mteremko, mbwa na mtoto, kwenda kwenye njia ambayo wahandisi wa karne ya 19 waliinyoosha kwa ajili ya garimoshi. Injini ya mvuke ilishindwa na vilima: mwinuko wa mita moja tu katika kila mita 100 ulikuwa tayari ni mzigo kwa treni nzito, na ndiyo maana walikata vilima, wakajaza mabonde na kujenga madaraja marefu ili njia ibaki karibu tambarare. Mwanafunzi wa baiskeli hahitaji zaidi ya hapo. Hapandi mpaka akaishiwa pumzi, hateremki mpaka akapoteza breki, na hakutani na gari.

Bennerley ndilo nililolichagua kuwa mtihani wangu. Linavuka bonde la mto Erewash, ambao ndio mpaka wa kaunti za Nottinghamshire na Derbyshire, kati ya kijiji cha Awsworth na mji wa Ilkeston, likiwa na urefu wa mita 443 na kimo cha mita 18 hivi, yaani kama ghorofa sita. Kampuni ya reli ya Great Northern ililifungua mwaka 1878. Ardhi ya bonde hilo ilikuwa imechimbwa makaa ya mawe na ilikuwa ikititia, kwa hiyo daraja la matofali lingekuwa zito mno. Ndipo nguzo na mihimili ikasukwa kwa chuma cha kufua, chenye matundu kama jarife, kilichofungwa kwa ribiti, yaani misumari minene yenye vichwa pande zote mbili. Usiku wa 31 Januari 1916 meli ya angani ya Wajerumani, aina ya Zeppelin, iliangusha mabomu jirani, nalo likabaki limesimama. Reli ilipofungwa mwaka 1968 lilitakiwa livunjwe, lakini chuma cha kufua hakikatiki kirahisi kwa tochi ya gesi, na kulibomoa kungemaanisha kulifungua ribiti moja baada ya nyingine. Gharama hiyo ndiyo iliyolinusuru. Lilikaa bila kazi zaidi ya miaka hamsini, huku wenyeji waliolipenda wakipigania lisivunjwe, hadi Januari 2022 lilipofunguliwa kwa waenda kwa miguu na waendesha baiskeli.

Nililivuka mwezi uliopita, bila kushusha mguu. Nasema hivyo kwa fahari, na sitaomba radhi. Katikati ya safari, treni ya abiria ilipita chini yangu, kwa kuwa reli ya bondeni bado inatumika, na kwa sekunde chache mikono yangu ilitaka kuugeuza usukani kufuata sauti. Nilikaza macho mbele hadi mwisho wa kizuizi cha chuma. Nilipofika ng'ambo ndipo nilipoinama kuvitazama vichwa vya ribiti, vimepangana safu kwa safu, vingine vimeliwa na kutu pembezoni. Picha niliituma kwenye kundi la familia bila maneno yoyote.

Ushauri wenyewe, dada yangu, si mwingi. Shusha tandiko hadi nyayo zote mbili ziguse chini. Tazama mbali, wala si gurudumu la mbele, kwa sababu baiskeli huenda yanakoelekea macho. Ukivaa dera au buibui, tafuta baiskeli yenye kifuniko cha mnyororo na ufunge pindo kwa kibanio upande wa kulia, kwa kuwa huko ndiko mnyororo ulipo. Piga kengele mapema kabla ya kuwapita wanaotembea. Na tena nasema, tazama mbali. Kuhusu jamaa zako, usiwaombe ruhusa wala usiwape taarifa. Wakikuuliza unakwenda wapi Jumamosi asubuhi, waambie unakwenda kupunga upepo, na hutakuwa umesema uongo. Tumewapa watu wasiotulipia kodi wala chakula mamlaka ya kupanga tufanye nini na miguu yetu, na mamlaka hayo hayarudishwi kwa kuyaomba.

Bennerley ni mwendo mfupi kutoka stesheni ya Ilkeston, iliyofunguliwa mwaka 2017. Ukishalizoea, nenda Monsal Trail huko Derbyshire, njia ya kilomita 14 hivi inayopita juu ya daraja la mawe la Headstone na ndani ya mahandaki ya reli yaliyofunguliwa kwa umma mwaka 2011. Baiskeli zinakodishwa katika stesheni ya zamani ya Hassop, na kwa kuwa taa za mahandaki huzimwa usiku, hakikisha umekwisha kurudi kabla ya magharibi.