Mgeni Njoo, Kinanda Kipone

SWALI: Mwalimu, hujambo? Mimi hupiga kinanda kanisani hapa Kondele, Kisumu, na Ijumaa usiku napiga jazi hotelini. Nimeweka akiba miaka mitatu na sasa nina pesa za kukodi studio siku mbili. Nataka kurekodi albamu ya bluzi, nyimbo nane. Nimefikiria kualika wageni saba: waimbaji watatu, mpiga gitaa wa benga, mpiga saksafoni, mzee wa orutu (fidla ya Waluo) kutoka Seme, na rafiki yangu anayefanya rapu. Wenzangu wananionya kwamba wageni wakiwa wengi, albamu itakuwa yao. Tena wimbo mmoja ni kibao cha zamani cha D.O. Misiani, yule mwanamuziki wa benga, nilichokigeuza bluzi. Nifanyeje?
Mpiga Kinanda, Kondele

JIBU: Mwanangu, alika. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, na albamu za bluzi nizipendazo zaidi ni zile ambazo mwenyeji amepona kwa namna hiyo. Ila saba kwa siku mbili ni wengi. Utashinda ukiwapokea na kuwasindikiza, kinanda hutakigusa. Chukua wanne. Rafiki yako wa rapu mwekee nafasi katika albamu ijayo, na katika waimbaji watatu chagua mmoja ambaye sauti yake ukiisikia gizani unaijua.

Itafute albamu ya Jimmy Smith iitwayo Dot Com Blues, iliyotoka mwaka 2001. Smith, Mmarekani, ndiye aliyeipa ogani ya Hammond, kinanda cha umeme, heshima yake katika jazi, tangu albamu yake ya kwanza na kampuni ya Blue Note mwaka 1956. Uzeeni, miaka minne kabla ya kufariki, aliwaita watu ambao kila mmoja peke yake aliweza kujaza ukumbi: B.B. King, Etta James, Taj Mahal, Dr. John na Keb' Mo'. Sasa sikiliza alivyowapanga. Kila mgeni ana wimbo mmoja. Katikati ya nyimbo zao amepanda nyimbo zisizo na mwimbaji yeyote, yeye na wenzake tu. Ukimaliza kumsikia Etta James, kinanda kinarudi kukukumbusha uko nyumbani kwa nani.

Tazama pia alichowapa. B.B. King anaimba "Three O'Clock Blues", wimbo uliompatia jina mwanzoni mwa miaka ya 1950. Etta James anaimba wimbo ambao alikuwa ameurekodi akiwa msichana, miaka arobaini nyuma. Smith hakuwavisha nguo mpya wasizozizoea. Wengi hudhani mwenyeji ndiye wa kuchagua kila kitu. Mimi naona mwenyeji achague mgeni, kisha amuulize mgeni: wewe ni wimbo gani unaoweza kuuimba hata ukiamshwa usiku wa manane? Huo ndio mrekodi.

Mzee wa Seme usimwache kwa lolote. Miaka mingi iliyopita nilimwalika mpiga orutu katika chumba kidogo cha kurekodia hapa Kisumu, madirisha yamezibwa kwa magodoro, jasho linatutiririka. Nilimpa noti ya A kwenye kinanda nikamwomba akaze uzi ufike pale. Akakaza. Akavuta upinde mara mbili tatu, akanyamaza, kisha akasema kwa upole kwamba sasa ala inalia lakini haiimbi. Orutu ina uzi mmoja, naye alikuwa ameuweka pale sauti yake ya kuimba ilipo. Kuuhamisha uzi ilikuwa ni kumhamisha yeye na koo lake. Tulipoteza saa nzima, na studio inalipiwa kwa saa. Mwishowe nilifungua sehemu ya kurekebisha sauti kwenye kinanda changu, nikakishusha kidogo kidogo, isitimie hata nusu sauti (hatua ndogo kabisa kutoka kitufe kimoja hadi cha jirani yake), mpaka mzee akanitazama na kuitikia kwa kichwa. Mpiga gitaa akalegeza nyuzi zake zote sita. Wimbo ule tuliupiga mara moja tu, hatukuurudia, na hadi leo ndio ninaowapigia wanafunzi wangu.

Kwa hiyo siku ya mzee, aanze yeye, asubuhi kabla hajachoka, na wengine wote wafuate sauti yake. Wala usimhesabie vipimo, yale mafungu ya mapigo manne manne. Zipo bluzi za kodi moja tu (noti kadhaa zinazopigwa kwa pamoja) mwanzo hadi mwisho, kama alizopenda kupiga John Lee Hooker. Kaa kwenye kodi hiyo moja, tembeza besi, umwache mzee aseme anachotaka kusema.

Waliobaki watahitaji ramani moja ya vipimo 12 na kodi tatu. Ukiwa kwenye F, ni vipimo vinne vya F, viwili vya B-flati, viwili vya F, kimoja cha C, kimoja cha B-flati, na viwili vya F vya kufungia. Kwa ramani hiyo watu ambao hawajawahi kuonana huweza kukaa chini na kupiga pamoja kabla chai haijapoa. Ndiyo maana bluzi ni muziki wa kualikia watu. Mpiga gitaa wako wa benga ndiye atakayekusumbua kidogo, kwa sababu vidole vyake vimezoea mbio. Bluzi ya polepole huhesabiwa mapigo manne, na kila pigo limegawanywa mara tatu. Mrekodie kwenye simu ukipiga besi peke yake, umtumie wiki moja kabla, asikilize kwenye matatu akienda kazini. Akifika studio mwendo utakuwa umeshamwingia mwilini.

Sasa nije kwenye hofu ya wenzako. Noti ya gitaa hufifia yenyewe, na mwimbaji huishiwa na pumzi. Kinanda hakichoki: ukiweka kidole asubuhi, kitalia mpaka jioni. Mpiga kinanda mwenye mgeni lazima ajizuie mwenyewe, maana chombo chake hakitamzuia. Mgeni anapoimba, mkono wa kushoto utembeze besi, mkono wa kulia uinuke kabisa, usiguse kitu. Akimaliza mstari, jibu kwa noti tatu au nne, kisha inua tena. Ubeti wa bluzi wenyewe umeachwa wazi kwa ajili yako: mstari, jibu, mstari ule ule, jibu, mstari wa tatu unaomaliza habari, jibu. Wanafunzi wangu waliokulia kanisani hushindwa hapa, nami naelewa. Kanisani tumefundishwa kushikilia kodi ili waumini wasipotee njia. Katika bluzi ukifanya hivyo unamfunika mgeni kwa blanketi.

Na besi usimpe mtu. Mpiga besi mzuri utampata Kisumu hii hii, lakini albamu hii ni ya kinanda, na anayeshika besi ndiye anayeamua wimbo unaelekea wapi na kwa mwendo gani. Mgeni aweza kuimba dakika tano nzima, na msikilizaji bado atakuwa anatembea kwa miguu yako. Waambie wenzako hivyo.

Siku ya kwanza mzee arekodi, halafu wewe, dramu na gitaa mpige nyimbo zenu zisizo na mwimbaji, wote chumba kimoja, mkitazamana. Siku ya pili waliobaki waje mmoja mmoja.

Kuhusu pesa nitakueleza lililonipata. Nilimwalika mwimbaji, rafiki yangu wa miaka kumi, tukapeana mikono tu. Wimbo ulipoanza kuchezwa redioni, yeye akasema ni wake, mimi nikasema ni wangu. Hatujasalimiana tangu hapo, na huniuma kila nikipita mtaani kwao. Andika karatasi moja kabla maikrofoni haijafunguliwa: nani ametunga maneno, nani ametunga sauti, mgeni analipwa kiasi gani leo, na wimbo ukileta pesa kesho anapata fungu gani. Kila mtu aweke sahihi na aende na nakala yake. Hata ndugu yako wa tumbo moja.

Kibao cha Misiani kinahitaji ruhusa. Alifariki mwaka 2006, na Sheria ya Hakimiliki ya Kenya humlinda mtunzi miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki, yaani hadi mwisho wa 2056. Kuugeuza wimbo bluzi hakuufanyi kuwa wako. Watafute wenye haki, uwaeleze unachotaka kufanya, uwapigie hata kwa simu ulivyoupanga. Nyimbo zako mwenyewe ziandikishe katika Bodi ya Hakimiliki ya Kenya kabla hazijatoka.

SWALI: Mwalimu, kanisa letu hapa Nakuru limepewa zawadi ya ogani kongwe ya Hammond B-3 kutoka Marekani, pamoja na spika yake ya Leslie. Fundi alituwekea transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120. Inawaka vizuri, lakini nikipiga F kwaya inasikia D. Fundi anasema imezeeka. Ni kweli?
Mwanakwaya, Nakuru

JIBU: Haijazeeka, ndugu yangu, na tafadhali msiiuze! Ndani ya B-3 hamna nyuzi wala mabomba. Kuna magurudumu madogo ya chuma 91 yanayozunguka mbele ya sumaku, yote yakiendeshwa na mota moja, na kasi ya gurudumu ndiyo sauti unayoisikia. Mota hiyo haifuati volti. Inafuata mzunguko wa stima (mara ngapi umeme hujirudia kwa sekunde), ambao Marekani ni hertz 60 na kwetu ni 50. Transfoma ya fundi wako inashusha volti sawasawa, lakini mzunguko haiugusi hata kidogo. Basi penye mizunguko sita ogani inapata mitano, nayo inashuka nusu sauti tatu na ushee: kutoka F kupita E, kupita E-flati, hadi D iliyolegea. Mmesikia vizuri kabisa.

Mnahitaji kifaa cha kubadilisha mzunguko chenyewe, kitoe volti 120 kwa hertz 60, au fundi wa ogani abadilishe mota na gia za kuizungusha ziwe za hertz 50. Leslie nayo ina mota zake za kuzungusha pembe, nazo sasa zinajikokota, kwa hiyo iunganisheni kwenye kifaa hicho hicho. Jenereta ndogo epukeni. Nimewahi kusikia ogani ya namna hii ikiendeshwa na jenereta katika ibada ya usiku: kila mzigo ulipoongezeka na injini kulemewa, wimbo mzima ulizama pamoja nayo, na mwimbaji wa watu akabaki juu peke yake. Mafuta ya magurudumu yawe yale yaliyotengenezwa kwa ajili ya ogani hizo, mara moja kwa mwaka. Mtu asije na mafuta ya cherehani.

SWALI: Mwalimu, nina miaka 17, naishi Busia na najifunza ogani kanisani. Nyanya yangu anasema pedali za miguu si za msichana. Viatu vyangu pia hukwama kati ya pedali mbili. Je, niachane nazo nipige kwa mikono tu?
Msichana wa Busia

JIBU: Usiachane nazo, mjukuu wangu. Shirley Scott wa Philadelphia aliitwa Malkia wa Ogani. Na yupo Rhoda Scott, aliyezaliwa mwaka 1938, binti wa mchungaji huko New Jersey, aliyeanza ogani katika kanisa la baba yake kama unavyoanza wewe. Baadaye alihamia Ufaransa, na kote alikopiga, hata kwenye kumbi kubwa, amepiga pekupeku, akizisikia pedali kwa nyayo zake. Mwonyeshe nyanya video zake jioni moja mkiwa mmetulia, na umpe salamu zangu.

Kisha vua viatu. Anza na C ya chini kwa mguu wa kushoto, uitafute bila kutazama, halafu G, halafu urudi C. Fanya hivyo robo saa kila siku kabla hujagusa kitu kwa mikono, na baada ya miezi miwili uniandikie tena.